WAGENI WA SHANTA WAPITAO MAKUPA: NANI MWENYEJI WAO?

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa nimesimama Makupa nikingoja matatu ya kunipeleka Changamwe kumtazama mgonjwa. Mara ikasimama matatu nyingine itokayo bara, wakashuka watu wawili, mwanamume na mwanamke, vijana wa Kizungu, kila mmoja na shanta mgongoni kubwa hata ukadhani shanta ndilo lililombeba yeye. Jasho lilikuwa likiwatiririka. Walikuwa wametoka stesheni ya reli ya Miritini. Yule mwanamume akaisogelea baraza ya muuza kahawa, akasalimu kwa Kiswahili cha kitabuni, kisha akauliza: "Tafadhali, kisiwani ni wapi?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamjibu, "Bwana, upo kisiwani sasa hivi. Umekwisha kuvuka." Kijana akageuka kulia, akageuka kushoto, akaona malori, tuktuk, maduka ya vyuma na mitungi ya gesi. Uso wake ulionyesha wazi kuwa hakuamini. Kumbe kisiwa alichokitaka yeye ni Lamu, na hapa alikuwa akipita tu.

Kabla hatujamaliza kumweleza habari za mabasi ya Mwembe Tayari, alitokea kijana mmoja wetu, mchangamfu, mwenye Kiingereza cha haraka haraka, akalishika shanta la yule mwanamke bila ya kuulizwa, akaita tuktuk, wakaondoka nao watatu. Wazanzibari huwaita vijana hao papasi, kwa jina la kupe. Muuza kahawa alitikisa kichwa, akasema maneno ambayo nimeyachukua hadi leo: "Sisi sote tulikuwa hapa, na aliyewakaribisha ni yule."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kila mwaka, kaskazi ikishaanza kuvuma, wageni wa namna hii huonekana Mombasa, Lamu, Unguja, Pemba na kwengineko, mume na mke au wachumba, na mashanta yao mgongoni. Wapo kati yetu wanaowadharau, wakisema kuwa ni watalii maskini wasio na faida. Wapo wanaowaogopa, wakisema kuwa huja kuharibu watoto wetu. Na wapo wanaowakimbilia kama kuku waonapo mtama. Lakini swali ambalo halijaulizwa ni hili: wageni hawa wakifika, mwenyeji wao ni nani?

MLANGO WA MAKUPA

Msomaji atanisamehe nikianza na Makupa yenyewe, kwani watu wengi hupita hapo kila siku bila ya kujua kuwa wanapita mlangoni. Kisiwa cha Mvita kimezungukwa na mikono ya bahari, upande huu Tudor, upande ule Kilindini, na maji hayo hupwa na kujaa baina ya mikoko hata mtu asiyeyajua hudhani kuwa ni mto. Makupa ndipo mahali ambapo maji yalikuwa haba kuliko kote. Zamani, maji yakipwa, mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara.

Kwa sababu hiyo, Makupa imepokea wageni wema na wageni wabaya. Mwaka 1589, zama za Mreno na Mturuki kuugombania mji huu, jeshi la Wazimba lilipiga kambi ng'ambo ya kivuko cha Makupa, na lilipovuka, mji uliona msiba mkubwa. Baadaye Wareno walijenga ngome ndogo ndogo hapo ili kukilinda kivuko. Wazee wetu, basi, walijua kuwa mlango wa nyumba haukosi mtu wa kukaa kizingitini, wa kumtazama ajaye na kumuuliza atokako.

Mkoloni alipokuja na reli na lori, alitaka kuingia tu, hakutaka mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kivuko kilijazwa mawe na mchanga, ikawa barabara kavu, na maji ya upande mmoja yakatengwa na maji ya upande wa pili. Tangu hapo Makupa ikasahaulika kuwa ni bahari. Jaa la taka la Kibarani likakua kando yake kwa miaka mingi, mpaka lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010. Mwaka 2022 ndipo daraja jipya lilipofunguliwa mahali pa ile barabara ya mawe, na maji yakaruhusiwa kupita tena chini yake.

Kwa hiyo si ajabu kijana yule kutojua kuwa amefika kisiwani. Sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kusahau.

NI WATU WA NAMNA GANI?

Tusiwasemee watu tusiowajua. Mgeni wa shanta si tajiri wa kukaa hoteli ya ufuoni, wala si mkimbizi. Mara nyingi ni mtu wa kazi ya kawaida kwao, mwalimu, muuguzi, fundi au mwanafunzi aliyemaliza masomo, aliyeweka akiba mwaka mzima au miaka miwili, akaifunga katika shanta na kuondoka. Hutembea kwa basi la wananchi, hulala gesti, hula mkahawani au barabarani. Haendi na kundi, haongozwi na kampuni. Akipenda mahali hukaa wiki tatu, asipopapenda huondoka kesho yake.

Lamu iliwajua watu hawa kabla ya wengi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani walioitwa mahipi, wenye nywele ndefu na nguo za viraka, waliifanya Lamu kuwa kituo chao, kama walivyofanya Kathmandu kule Nepal. Wapo walioheshimu mji, wakajifunza Kiswahili na kuvaa kikoi. Wapo pia waliotembea nusu uchi na kuvuta bangi mbele ya misikiti. Wazee wa Lamu wa wakati huo walikasirika, na walikuwa na haki.

Wanachokitafuta ni kitu kimoja, nacho ni mahali ambapo saa haikimbii. Huambiana habari za visiwa vya namna hiyo dunia nzima. Kusini mwa nchi ya Laos, karibu na mpaka wa Kambodia, katika Mto Mekong, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Don Det. Huko wachumba na wana-ndoa wenye mashanta hulala katika vibanda vya mianzi juu ya mto, wakajinyosha katika machela ya kamba na kuyatazama maji yakipita. Karibu na kwetu, nchini Uganda, vipo visiwa vidogo katika Mto Nile chini ya mji wa Jinja, ambako vijana wa namna hiyo hiyo hufika kuogelea, kupiga makasia na kupumzika. Mtu aliyewahi kuonja utulivu wa kisiwa cha mto huuliza: wapi kwengine? Naye hujibiwa: nenda Lamu, maji yaliyo baina ya Lamu na Manda yametulia kama mto, na hakuna magari, ni punda na mashua.

Haya, ndivyo wanavyofika Makupa.

FEDHA YA MKONONI

Wako wasemao kuwa mgeni wa shanta hana faida kwani hutumia kidogo. Na tulitazame jambo hili kwa hesabu ya muuza duka, si kwa hesabu ya ofisini.

Mtalii wa kundi hulipa kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Amelipa nauli, chumba, chakula na matembezi kwa kampuni iliyoko Ulaya. Afikapo hapa huchukuliwa na basi la hoteli, akavushwa Likoni au Nyali, akawekwa nyuma ya ukuta. Fedha aliyotoa ni nyingi, lakini ulizeni ni kiasi gani kilichovuka bahari pamoja naye, na katika hicho kilichovuka, ni kiasi gani kilichotoka nje ya ukuta. Mfanyakazi wa hoteli hupata mshahara wake, nalo si jambo dogo, tusilidharau. Lakini mama anayepika mahamri na mbaazi mtaa wa pili hamjui mtalii huyo wala mtalii hamjui yeye.

Sasa mfuateni mgeni wa shanta. Amelipa matatu kutoka Miritini. Amekunywa kahawa Makupa. Amelipa gesti ya Mji wa Kale, amenunua viazi karai, amenunua leso Biashara Street kwa ajili ya mkewe. Kesho yake amelipa basi la Lamu, na njiani, Malindi na Garsen na Witu, amenunua maji na korosho dirishani. Mokowe amelipa boti. Lamu amelipa chumba kwa mwenye nyumba mkono kwa mkono, amelipa nahodha wa mashua, amelipa mwenye punda, amekula samaki aliyevuliwa asubuhi. Kila shilingi imepita katika mkono wa mtu anayeijua njaa yake. Ni fedha kidogo, lakini ni kama mvua ya rasharasha, huingia ardhini wala haikimbii baharini.

Faida hii lakini ina adui wawili. Wa kwanza ni papasi, ambaye huchukua fungu lake kwa mwenye gesti na kulitia juu ya bei ya mgeni, mgeni akalipa zaidi na mwenye nyumba akapata pungufu. Wa pili ni mpya zaidi, nao ni zile kampuni za ng'ambo za kukodisha vyumba kwa simu. Mgeni hulipa kwa kidole akiwa bado kwao, na kampuni hukata fungu lake kabla mwenye nyumba wa Lamu hajaona senti. Hivyo hata mgeni wa shanta ameanza kufanana na mtalii wa kundi, na sisi tunaona tu.

ADABU

Hapa ndipo penye uchungu, na sitaki kupapita kwa haraka.

Mume na mke wa Kizungu hawaoni kosa kushikana viuno njiani, wala kubusiana kwenye gati ya boti. Kwao ni ishara ya mapenzi. Kwetu sisi, watu wazima wenye haya, mapenzi ya mume na mke ni amana ya ndani ya chumba, na kuyatandaza njiani ni kuyavunjia heshima. Si kwamba sisi hatupendani. Aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili anajua udi, asumini na maneno laini yaliyomo humo. Tofauti ni mlango tu, wao wameuacha wazi, sisi tumeufunga.

Ipo pia kadhia ya gesti. Wawili wakifika na mashanta yao, mwenye nyumba Mwislamu hujikuta katika mtihani. Je, hawa ni mume na mke? Akiuliza, ataonekana mshamba. Asipouliza, moyo wake haumpi raha. Nimewahi kukaa na mwenye gesti mmoja, mcha Mungu, aliyeniambia kuwa kila akipokea wageni hao husali rakaa mbili. Nilimuuliza mbona hawaambii masharti ya nyumba yake, akasema kuwa anaona haya.

Haya! Mwenyeji anaona haya ndani ya nyumba yake, na mgeni hana haya njiani kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Nani wa kulaumiwa? Mimi nasema lawama igawanywe, na fungu kubwa tulichukue sisi. Mgeni hakuzaliwa na ilimu ya Mji wa Kale. Wengi wao wakielezwa kwa upole kuwa hapa mwanamke hufunika mabega na magoti, kuwa msikitini haipigwi picha watu wakisali, kuwa mwezi wa Ramadhani hauli njiani mchana, hushukuru na kufuata. Wachache watakaokataa, basi nyumba ina mlango wa kuingilia na huo huo ni wa kutokea.

UTULIVU SI UVIVU

Jambo jingine linalonikera ni namna utulivu wetu unavyosimuliwa. Wageni hawa huandika kuwa watu wa visiwani ni watu wa kupumzika, hawana haraka, hawana shughuli. Maneno hayo yanaonekana kuwa sifa, lakini ndani yake mna tusi.

Ni nani anayeamka kabla ya alfajiri kukanda unga wa mahamri ambayo mgeni atayala saa tatu? Ni nani anayengoja maji yajae usiku wa manane ili mashua itoke? Matondoni, kijiji cha Lamu cha mafundi wa vyombo, fundi hukaa miezi akipiga shoka na keke kutengeneza jahazi moja. Punda wa Lamu huvuta kamba, chokaa na matumbawe siku kutwa, na tangu mwaka 1987 kuna hospitali yao mjini, kwa kuwa wanafanya kazi mpaka wanaumia. Mgeni alalapo mchana kwenye daka lenye kivuli, kivuli hicho kilijengwa na mtu. Utulivu wa mji ni kazi iliyokwisha kufanywa vizuri.

Na utulivu huo una gharama yake na una wanaoutaka kuuvunja. Septemba 2011 Mwingereza mmoja aliuawa na mkewe akatekwa nyara Kiwayu, kaskazini ya Lamu. Mwezi uliofuata mwanamke Mfaransa alitekwa Manda, akafa mikononi mwa waliomteka. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, ikaja amri ya kutotoka usiku. Serikali za Ulaya ziliwakataza watu wao kufika Lamu, na gesti zikafungwa moja baada ya moja. Kisha mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na waliobaki wakabaki wakitazama bahari. Wakati huo ndipo wengi walipoelewa kuwa yule mtalii "maskini" alikuwa akilisha nyumba ngapi.

Kuna na uvunjaji mwengine usiokuja na bunduki. Kule Uganda, mwaka 2012 bwawa la umeme la Bujagali lilikamilika na maji yakayafunika maporomoko yaliyokuwa yakiwaleta wageni wa Mto Nile. Mwaka 2019 likafunguliwa bwawa jingine, la Isimba, chini zaidi. Umeme ni haja ya taifa, sibishi. Nasema tu kuwa mwenye kuishi na mto sicho kila mara kinywa kinachoulizwa kwanza. Lamu nayo imejengewa bandari kubwa, gati yake ya kwanza ikaanza kazi Mei 2021. Wavuvi zaidi ya 4,000 walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 wakapewa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 tena, baraza linalosikiliza kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu, na sababu mojawapo ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Nimeitaja mifano hiyo kwa kusudi. Watu wa Lamu waliposema kwa kauli moja, mbele ya kampuni kubwa na serikali, walisikizwa. Itakuwaje basi tushindwe kusema na watu wawili wenye mashanta?

MWENYEJI WA ZAMANI

Mwaka 1331 alipita pwani hii msafiri mmoja kutoka Moroko, Ibn Battuta. Yeye naye, ukimtazama vizuri, alikuwa mgeni wa shanta, kijana aliyetoka kwao Tanja na mzigo mdogo akaizunguka dunia miaka mingi. Amesimulia kuwa alipofika Mogadishu aliona desturi iliyompendeza. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukikabili kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani hiyo na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara huyo hushukia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji humuuzia na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akamuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa ni batili.

Hapa Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akaieleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, na visima vilivyokuwapo milangoni, ambavyo watu huteka maji humo wakaosha miguu ndipo waingie. Angalieni: mgeni wa usiku mmoja, na kilichobaki katika kumbukumbu yake ni adabu ya mlangoni.

Desturi hiyo ya mwenyeji haikufa na Ibn Battuta. Mpaka zama za babu zetu, manahodha na wafanyabiashara wa Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi walipokuja na kaskazi, walikuwa na watu wao katika Mji wa Kale wa kushukia kwao, na walipoondoka na kusi waliacha amana zao mikononi mwao. Mwenyeji alimlinda mgeni na mji, na vile vile aliulinda mji na mgeni. Mgeni akikosa adabu, aliyeulizwa ni mwenyeji wake. Hilo lilimfunga mgeni kuliko amri yoyote ya polisi.

Na hata leo iko mahali pamoja ambapo desturi hiyo inaishi. Mfungo Sita unapofika, maelfu ya watu kutoka Afrika Mashariki yote humiminika Lamu kwa Maulidi ya Msikiti wa Riyadha. Hawa nao huja na mikoba yao, mume na mke na watoto, kwa basi na kwa boti. Wanalala wapi? Wengi hulala majumbani mwa watu. Hakuna papasi anayewakimbilia wala kampuni ya ng'ambo inayokata fungu. Kumbe kazi ya uwenyeji hatujaisahau, ila tumeiweka kwa ajili ya wale tuwajuao tu.

TUFANYE NINI?

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wamesema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza ni ya faida, ya pili ni ya masharti, na moja bila ya nyenzake ni nusu ya hekima. Tumeikumbatia ya kwanza, tukaitupa ya pili.

Basi rai yangu ni hii. Wenye gesti wa Mji wa Kale na Lamu na waandike masharti ya nyumba zao, mistari michache ya Kiswahili na Kiingereza, wayatundike mlangoni na kuyasoma kwa tabasamu kabla ya kupokea fedha. Anayetaka wageni walio katika ndoa tu, aseme. Anayetaka stara barazani, aseme. Mgeni mkweli atajua aingie au aende kwengine, na mwongo atabeba mzigo wake mwenyewe.

Wale vijana tunaowaita papasi nao tusiwafukuze kama nzi. Wanajua lugha, wanajua njia, na wana njaa. Wakipewa mafunzo, vitambulisho, na bei iliyo wazi kwa mgeni na kwa mwenye nyumba, kupe aweza kuwa mwenyeji. Tukiwaacha kama walivyo, wataendelea kuwa sauti ya kwanza ambayo mgeni huisikia katika mji wetu.

Tena tuzishike nyumba. Tangu miaka ya 1980 na 1990 nyumba nyingi za mawe za Lamu, na hasa Shela, zimenunuliwa na matajiri wa Ulaya. Nyumba zimetengenezwa zikapendeza, sikatai, na mafundi wamepata kazi. Lakini aliyeuza nyumba ameuza na uwenyeji, na watoto wake wataingia humo kwa mlango wa jikoni. Mgeni wa shanta hulala, hulipa, huondoka, na nyumba hubaki yako. Huyo ndiye ambaye tungemchagua lau tungekaa na kufikiri.

Mwisho, nasi tutembee. Arusi zetu za Mombasa siku hizi hula fedha ya miaka, na fungate ikisha maarusi hubaki na madeni na picha. Ni wangapi wa vijana wetu wa Majengo, Kingorani na Makupa waliokwisha kuiona Lamu? Mume na mke Waislamu wakitia nguo mbili tatu katika mkoba, wakapanda basi la asubuhi, wakakaa siku nne kisiwani kwa gharama ndogo kuliko ya kukodi mapambo ya ukumbi, wana dhambi gani? Dini yetu haijapata kuichukia safari ya halali. Kijana akimtembeza mkewe pwani yake mwenyewe, akajua bei ya boti na uchovu wa njia, akahitaji maji ya kunywa na mtu wa kumwonyesha kibla, atarudi akijua mgeni anahitaji nini. Aliyewahi kuwa mgeni ndiye ajuaye kuwa mwenyeji.

Siku chache baadaye nilipita tena Makupa. Muuza kahawa aliniambia kuwa wale wawili walirudi. Walikuwa wametoka Lamu, mwanamke amejitanda leso, mwanamume ameungua pua kwa jua. Waliketi barazani, wakanywa kahawa, na walipotaka kulipa alikataa kuchukua fedha ya kikombe cha kwanza. Kisha aliwachukua hadi darajani akawaonyesha maji yakipita chini, akawaambia, "Mlikuwa mkiuliza kisiwa. Hiki hapa."

Nilimuuliza kwa nini alijisumbua jua lile. Akasema, "Safari ile nyingine nilikaa kimya, wakachukuliwa."